Mgeni na Jembe Lake: Mwaka Mmoja wa Masomo Mjini Edinburgh

Hotuba iliyosomwa na binti mmoja wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kabla ya kusema neno jingine sina budi kushukuru. Mwaka wa 2022 Chama hiki kilifanya harambee kwa ajili yangu. Namkumbuka mama mmoja aliyekuja na kuku mmoja, na kuku yule akanadiwa mara tatu, kwa maana kila aliyemnunua alimrudisha mezani anadiwe tena. Ada ya chuo ililipwa na wafadhili, lakini nauli ya ndege, viza, na ile ada ya afya ambayo wakati ule ilikuwa pauni 470 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi, vyote vilitoka mifukoni mwenu. Fedha zile hazikuwa zangu. Mwenye mali ana haki ya kuuliza hesabu, na leo nimekuja kuitoa.

Hesabu ya masomo ni fupi. Nilisoma elimu ya afya ya jamii katika mji wa Edinburgh, nchi ya Uskoti, tangu Septemba 2022 hata Agosti 2023. Nilifaulu, na Mwandishi wetu ameiona shahada yangu kwa macho yake. Lakini Halmashauri iliponialika kusema hapa haikuniuliza habari za vitabu. Iliniuliza, "Uliishije na watu?" Nami naona kwamba swali hilo ni zito kuliko lile la vitabu. Nitalijibu kwa kweli, hata pale ambapo kweli yenyewe hainipendezi.

SAFARI NA UPWEKE

Nilifika Edinburgh siku chache baada ya kufa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Jeneza lake liliwekwa katika kanisa kuu la St Giles tarehe 12 na 13 Septemba, na watu maelfu kwa maelfu walipanga mstari hata usiku wa manane ili wapite mbele yake. Nilisimama kando ya barabara nikiwatazama. Watu wasiojuana walikuwa wakigawana chai na kuzungumza kama majirani. Nikasema moyoni mwangu, "Kumbe hawa ni kama sisi, msiba wa mmoja ni msiba wa wote." Kisha jeneza likapelekwa London kwa ndege, watu wakatawanyika, na juma lililofuata nikafahamu kwamba nilikuwa nimeuona mji ule katika siku zake zisizo za kawaida.

Nilikaa katika jumba la wanafunzi. Tulikuwa sita tuliotumia jiko moja, na kila mtu alikuwa na rafu yake katika friji, yenye jina lake. Tulisalimiana kwa adabu, wala hapakuwa na ugomvi. Lakini kila mmoja alipika chakula chake, akakibeba, akaingia chumbani mwake na kufunga mlango. Mara ya kwanza nilipopika githeri nilipika ya kuwatosha watu wanane, kwa mazoea ya nyumbani. Nikaila peke yangu siku nne.

Kisha likaja giza. Ninyi mmezoea jua linalochomoza saa kumi na mbili na kutua saa kumi na mbili, mwaka nenda mwaka rudi. Kule, mwezi wa Desemba, jua huchomoza saa tatu kasorobo hivi za asubuhi, na kabla ya saa kumi za alasiri limekwisha kutua. Nilikwenda darasani gizani na kurudi gizani. Siku nyingine, tangu Ijumaa jioni hata Jumatatu asubuhi, sikusikia mtu akilitaja jina langu.

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Naam, nilionekana. Kuna wema walioniona wakaniuliza nimepotea njia, na kuna mmoja aliyeondoka katika kiti cha basi nilipoketi karibu naye, akaenda kusimama. Sitaki kulikuza jambo hilo, wala sitaki kulificha. Wanafunzi mnaojiandaa kwenda ng'ambo, mjue kwamba yatawapata yote mawili.

Sasa, wazee wangu, naungama. Mlipokuwa mkinipigia simu katika miezi ile, jibu langu lilikuwa moja: "Mimi mzima, masomo ni mazuri, namshukuru Mungu." Haikuwa kweli. Insha yangu ya kwanza ilirudishwa na alama za kushindwa. Nilikuwa sili vizuri, wala silali. Kila nilipotaka kusema, nilimkumbuka yule kuku aliyenadiwa mara tatu, nikaona haya. Nilidhani kwamba kusema nimechoka ni kuwatukana waliochanga.

SIKU YA JEMBE

Wengi wenu ni Wapresbiteri, nanyi mnajua historia yetu na Waskoti. Wamisheni wao walihamia Kikuyu kutoka Kibwezi mwaka wa 1898, na mwaka wa 1908 wakafungua kituo cha Tumutumu. Mimi mwenyewe nilizaliwa katika hospitali ya Tumutumu. Kwa hiyo Jumapili yangu ya kwanza nililitafuta Kanisa la Uskoti, nikitumaini kukuta nyumba ya mama imejaa watu.

Nilikuta jengo kubwa la mawe na watu wasiopata sitini, wengi wao wenye mvi. Baadaye nilisoma kwamba katika miaka ya 1950 kanisa lile lilikuwa na washirika zaidi ya milioni moja katika nchi nzima, na kwamba sasa hawafiki laki tatu. Majengo mengi yanauzwa. Mengine yamekuwa nyumba za kupanga, mengine kumbi za muziki.

Walinipokea vizuri. Baada ya ibada walinipa chai na biskuti, wakaniuliza natoka wapi na nitakaa muda gani. Jumapili ya pili wakanipa chai na biskuti, wakaniuliza yale yale. Hata Jumapili ya saba nilikuwa bado nimesimama penye dirisha, kikombe mkononi, nikijibu maswali yale. Wazee wangu, kukirimiwa ni jambo jema. Lakini mtu anayekirimiwa kila juma hukumbushwa kila juma kwamba yeye si wa hapo.

Mwezi wa Novemba, Jumapili moja, mama aliyesimamia jiko la ukumbi alitoka mlangoni akiwa na uso wa taabu. Msaidizi wake alikuwa mgonjwa, na vikombe vimejaa beseni. Akanitazama, akasema, "Binti, waweza kunioshea hivi?" Hakusema tafadhali mara tatu kama ilivyo desturi yao. Alinitupia kitambaa, akarudi kwenye birika lake.

Niliosha vikombe vile nikitokwa na machozi, naye akadhani ni sabuni.

Mithali yetu yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tangu utoto nilidhani mithali hii ni ya kumfukuza mgeni mvivu. Siku ile niliielewa kwa namna nyingine. Kumpa mgeni jembe ni kumwambia kwamba shamba hili sasa ni lake pia. Asiyepewa jembe hubaki mgeni, hata akikaa miaka kumi.

MEZA YA JUMATANO

Baada ya vikombe nilipewa Jumatano. Kila Jumatano adhuhuri ukumbi ule ulifunguliwa kwa wazee wa mtaa, wawe wa kanisa au la. Walipewa supu, mkate na chai, bila malipo. Mwaka ule bei ya gesi na umeme ilikuwa imepanda sana baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwezi wa Februari 2022, na wazee wengi walizima moto majumbani mwao ili wapunguze gharama. Makanisa na maktaba nyingi nchini ziliwafungulia watu vyumba vyenye joto, wakae bure. Wengine walikuja kwa ajili ya supu, wengine kwa ajili ya joto. Na wengine, nilivyoona mimi, walikuja ili wapate mtu wa kuwaambia habari za mbwa wao.

Kazi yangu ilikuwa kumenya karoti na viazi, kukoroga supu ya dengu au ya shayiri, kupanga viti, na kuandika majina ya waliofika. Yalikuwa masaa manne kwa juma, bila mshahara. Kazi ya mshahara nilikuwa nayo mbali: nilifagia ofisi alfajiri, nikiangalia nisivuke masaa 20 kwa juma ambayo sheria inamruhusu mwanafunzi wakati wa muhula. Kazi hiyo ilinipa nauli na chakula, na niliihitaji, kwa sababu shilingi yetu ilikuwa ikishuka. Nilipofika, pauni moja ilinunuliwa kwa shilingi 140 hivi. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa kama 180. Lakini ile ya Jumatano ndiyo iliyonipa watu.

Kwa mlango ule nikaingia katika furaha nyingine. Tarehe 25 Januari Waskoti humkumbuka mshairi wao Robert Burns, aliyezaliwa mwaka wa 1759. Usiku ule huliwa haggis, yaani moyo, ini na mapafu ya kondoo, vikakatwakatwa pamoja na vitunguu na nafaka, na kwa desturi ya kale hupikwa ndani ya tumbo la kondoo yule yule. Wanafunzi wenzangu wa mataifa mengine walikunja nyuso. Mimi niliomba kuongezewa. Niliwaambia kwamba haggis ana ndugu yake Kenya, aitwaye mutura. Nilicheza na ngoma yao ya kushikana mikono kwa duara, nikawakanyaga wengi, wala hakuna aliyelalamika. Na Wakenya wenzetu nao nilianza kuwatafuta. Nilikuwa nimewaepuka, nikiogopa watauona unyonge wangu na kuupeleka nyumbani.

Hata masomo yalibadilika. Nilikwenda kwa mwalimu wangu, nikamwambia nilivyo, akanionyesha jinsi insha za kule zinavyoandikwa. Mtu aliye na mahali pa kwenda Jumatano huona ni rahisi kuamka Jumanne.

Pale mezani palikuwa na mzee mmoja, mjane wa mke, aliyekuwa dereva wa basi kabla ya kustaafu. Kiti chake kilikuwa karibu na mlango. Alinisimulia kwamba alipokuwa mtoto mama yake alimpa senti kila Jumapili atie katika kisanduku cha misheni, naye hakujua senti zile zilikwenda wapi. Nilipomwambia juu ya Tumutumu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi zilifika."

Jumatano moja ya Februari kiti chake kilikuwa kitupu. Nisingalikuwa mwandishi wa majina nisingalitambua. Nilimwambia mzee wa kanisa, tukaenda pamoja mpaka nyumbani kwake. Tulimkuta sakafuni, ameanguka tangu usiku uliotangulia. Alichukuliwa hospitali, akapona, ila hakurudi tena nyumbani kwake. Alipelekwa katika nyumba ya kutunzia wazee. Nilipomtembelea alikuwa na huzuni, akisema ameketishwa kama mzigo. Nikamkuta mara nyingine amechangamka. Alikuwa ameomba kazi, wakampa ya kupeleka magazeti kila asubuhi chumba kwa chumba, akiwa katika kiti chake cha magurudumu. Hata mzee wa miaka themanini na zaidi hutaka jembe lake.

HABARI KUTOKA NYUMBANI

Nimefika mahali pagumu.

Mwezi wa Machi 2023 nyanya yangu mzaa mama alifariki. Wengi wenu mlimzika. Mimi sikujua hata kwamba alikuwa mgonjwa. Familia ilinificha, isije ikanisumbua katika masomo. Siwalaumu, maana mimi nami nilikuwa nimewaficha yangu. Sote tulikuwa tukiambiana "sote wazima" kwa simu, na hakuna aliyekuwa mzima.

Habari zilinifikia Jumatano asubuhi. Sikujua pa kwenda, nikaenda ukumbini. Yule mama wa jikoni alinitazama tu, akaelewa. Akaniketisha, akanipa kisu na karoti, akaketi karibu nami akamenya naye, bila neno, mpaka ndoo ikajaa.

Mazishi yalikuwa Jumamosi, nami niliyatazama kwa mtambo wa kompyuta. Saa tano za hapa ni saa mbili za asubuhi kule. Wazee tisa wa Jumatano walikuja ukumbini saa ile, katika baridi kali, wakaketi nami wakitazama mazishi ya mtu wasiyemjua, kwa lugha wasiyoielewa. Mmoja aliuliza yule anayeimba ni nani. Mwingine alisema kaburi limechimbwa vizuri. Sitawasahau mpaka kufa kwangu.

Niliporudi nyumbani, majirani walinieleza miezi ya mwisho ya nyanya. Wanawe wote wako Nairobi, Nakuru na Mombasa. Walimletea unga na dawa, wakamlipia umeme. Hakukosa kitu cha kununuliwa. Lakini kila siku, tangu saa nne za asubuhi, aliketi langoni akitazama barabara. Alijua majina ya watoto wote wanaopita kwenda shule, ingawa hakuna aliyesimama.

Bwana Mwenyekiti, naomba radhi kwa neno hili, na nalianza na nafsi yangu. Katika taarifa yetu ya mwaka wa 2023 kuna ukurasa mzima wa majina ya waliochangia mazishi yake. Ni ukurasa wa heshima, nami nimeusoma kwa shukrani. Lakini hakuna ukurasa wa majina ya waliomtembelea. Na kama ungalikuwapo, jina langu lisingalikuwamo. Mimi niliyewapikia supu nyanya za watu wengine kila Jumatano, nilimpigia nyanya yangu simu mara nne katika miezi sita. Nilikuwa na haya ya kusema uongo kwake, basi nikaona afadhali ninyamaze.

MAOMBI YANGU

Sikuja kuwafundisha wazee, maana mtoto hamfundishi mzazi kutembea. Nina maombi matatu, nanyi mtayapima.

La kwanza ni juu ya wanafunzi tunaowatuma. Tunawapa nauli, maombi na wosia wa kujiepusha na ulevi, na yote ni mema. Tuwape pia barua. Kabla mwanafunzi hajaondoka, Mwandishi aandikie kanisa, au msikiti, au chama cha watu wetu katika mji ule, aseme: "Anakuja mtoto wetu, tafadhali msimpe chai tu, mpeni kazi." Alasiri moja kwa juma haitaharibu masomo yake. Mimi nilipoteza majuma saba nikingoja, na wengine hawapati yule mama wa vikombe.

La pili ni juu ya kweli. Wateuliwe watu wawili wa kumpigia simu mwanafunzi kila mwezi, wasimwulize kama ni mzima. Wamwulize amekula nini, amekula na nani, na ni somo gani lililomshinda. Na aambiwe wazi kabla ya kupanda ndege kwamba harambee si deni la kutabasamu. Akishindwa, aseme, nasi tutaketi tufikiri pamoja.

La tatu ni juu ya wazee wetu walioketi malangoni. Sisi hatuhitaji ukumbi wa mawe wala gesi. Jua tunalo bure. Naomba taarifa ya mwaka ujao iwe na ukurasa wa pili, wa majina ya wazee wa Chama waishio peke yao, na kando ya kila jina aandikwe mtu mmoja atakayefika kwake kila juma. Wala tusiende kwao na unga tu. Twende na kazi: wafundishe watoto majina ya koo na ya mito, watushauri juu ya mbegu, washike ufunguo wa ghala la Chama. Yeye aliyeyajua majina ya watoto wa shule nzima alikuwa na jembe mkononi, nasi hatukumwonyesha shamba.

Tangu mwezi wa Januari nimeanza na nyumba tatu zilizo karibu na kwetu, kila Jumatano alasiri. Katika nyumba ya kwanza nilipewa uji na kuulizwa nitakaa muda gani. Nikajibu kwamba nimerudi kukaa, nikaomba nioneshwe vikombe vilipo.

Wazee wangu, mlinituma nami nimerejea. Mmenipa karamu ya kunikaribisha, mmenipigia makofi, mmeniketisha mbele kama mgeni. Siku mbili zimekwisha. Kama Halmashauri itaukubali ukurasa ule, naomba kazi ya kuuandika nipewe mimi.